Nilijifanya mzaliwa wa Tanga nikamfundisha mzungu sarufi ya Kiswahili, mpaka gari la mradi liliposimama kijijini kwetu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakongwe wa humu na nyie mliojiunga jana mkaanza kutukana leo.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya, huwa sichangii. Lakini jana nimekuta uzi wa kijana mmoja anawacheka watu wa bara, eti ngeli zinawapiga chenga. Nikacheka naye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili nikanyamaza.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na binamu wa rafiki. Mkiona mahali nimeongeza chumvi basi ni pale ninapojisifu, maana sehemu nyingine hazihitaji.

Twende taratibu.

Mimi ni Msandawe. Kwa wasiotujua, sisi ni watu wa Kondoa upande wa magharibi, siku hizi panaitwa Chemba. Ndio wale ambao mkisikia tunaongea mnatuomba turudie ile sauti ya kugonga ulimi. Tukirudia mnacheka. Tumeshazoea.

Kiswahili nilikutana nacho darasa la kwanza. Kabla ya hapo nilikisikia mnadani tu, kwa wauza chumvi.

Kwetu kitu kinaweza kuwa cha kike au cha kiume, na kitenzi kina adabu zake, kinasubiri mwisho wenzake wamalize. Nikafika shuleni naambiwa mtu ameanguka, kiti kimeanguka, jiwe limeanguka, ukuta umeanguka. Kuanguka ni kulekule na vumbi ni lilelile, lakini kila kinachoanguka kina sare yake. Ukichanganya sare, fimbo. Ukiongea kilugha uwanjani, unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako naye kaongea, umvishe yeye. Ndivyo tulivyofundishwa kuipenda lugha ya taifa.

Mtoto aliyefundishwa hivyo hutokea mmoja kati ya wawili. Ama anaichukia hiyo lugha, ama anakuwa askari wake. Mimi nikawa askari, tena wa kujitolea.

Kufika darasa la saba nilikuwa nasahihisha matangazo ya mkutano wa kijiji. Nyumbani nilikuwa namsahihisha mama yangu mzazi. Mama akijaribu Kiswahili anasema, "Mbuzi yangu imepotea." Mimi namwambia, "Mbuzi wangu amepotea, mama." Tunasahihishana hivyo huku mbuzi mwenyewe anazidi kwenda. Mama akaona bora tuongee chetu tu, na kwa kweli kilikuwa kitamu sana kinywani mwake.

Nikasoma, nikapata ukarani katika kampuni moja ya umma, nikapelekwa Tanga. Nilikaa kule miaka minane. Nilirudi na lafudhi ambayo hata wenyeji wa kule walikuwa wananiuliza mtaa.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Wakongwe mnaijua habari yake. Soko huria, kila kitu ruksa, mashirika yanauzwa, na sisi tunaitwa kwenye ukumbi kuambiwa kwamba tunapunguzwa ili uchumi upumue. Uchumi ukapumua, sisi tukabanwa pumzi.

Nikahamia Dodoma na mke na watoto wawili, tukapanga vyumba viwili Mkonze, enzi hizo unalala unasikia fisi. Nikauza mitumba. Bahati yangu ilikuwa kwamba kila belo nililofungua lilikuwa na makoti ya baridi kali. Watu wa Dodoma walikuwa wanayapima, wanacheka, wanayarudisha.

Siku moja jamaa niliyefanya naye kazi zamani akaniambia kuna mradi wa maji wa wafadhili unatafuta mwalimu wa Kiswahili wa kumfundisha bosi wao mzungu, na awe mkalimani wake vijijini. Sharti moja: native speaker, ikiwezekana mtu wa Pwani.

Nikaenda na shati nililoazima.

"Unatokea wapi, Bwana Hamisi?" akauliza mhasibu aliyekuwa kwenye usaili.

"Tanga," nikasema. "Mjini kabisa."

Jina la Hamisi halina kabila, na lafudhi ilijitetea yenyewe. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mkataba wa miezi sita, ukionekana unafaa unaongezwa. Mke wangu aliposikia alikaa chini akalia, na mimi nikaapa kwamba huo mkataba nitaulinda kwa jino na kucha. Kumbukeni hilo mnapojiandaa kunitukana.

Bosi alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa maji, tumwite Birgit. Alikuwa na daftari la ngeli lenye kalamu za rangi, kila ngeli na rangi yake. Na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza kwa nini.

"Kwa nini rafiki mzuri, halafu rafiki yangu? Kwa nini si rafiki wangu?"

Wakuu, mimi nilichapwa kwa hiyo rafiki. Hakuna aliyenieleza sababu, fimbo ndiyo ilikuwa sababu. Lakini mtu wa Tanga hawezi kusema hajui.

"Ni mazoea ya Pwani," nikamwambia.

Akaandika. Nikagundua kwamba ukitaja Pwani mbele ya mzungu, mjadala umefungwa. Tangu siku hiyo kila nilichoshindwa kukieleza kilikuwa mazoea ya Pwani. Nadhani watu wa Pwani nimewabebesha mizigo mingi isiyo yao.

Lakini nilikuwa mwalimu mzuri, hilo siwaachii. Nilikuwa najua atajikwaa wapi kabla hajajikwaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaanguka palepale na alama nilikuwa nazo. Naandaa zoezi, anakosea kulekule nilikotarajia.

"Umejuaje kwamba nitakosea hapa?" aliniuliza siku moja.

"Uzoefu."

"Na wewe ulijifunzaje haya yote?"

"Mimi sikujifunza. Nilizaliwa nacho."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho, na chai nikaongeza.

Miezi ikaenda. Mwezi wa tano Birgit akaniambia mkataba wangu ataujadili baada ya mzunguko wa vijiji, anataka aone nafanyaje kazi mbele ya watu. Akanipa orodha ya vijiji vitakavyochimbiwa visima, kimoja kila kijiji, mashine ikishapita hairudi.

Kijiji cha nne kilikuwa chetu.

Nilisoma mara tatu nikitumaini kuna kijiji kingine chenye jina hilo. Hakikuwepo.

Nikaamua kuumwa malaria. Nilijifunika koti moja la mitumba lililobaki, nikatetemeka kitaalamu. Birgit kwa huruma zake akamtuma dereva anipeleke kupima. Kipimo kikasema sina mdudu hata mmoja, nikapewa na hongera.

Tukaondoka. Tukamaliza vile vijiji vitatu vya mwanzo, tukalala Kondoa mjini, asubuhi tukashika barabara ya magharibi. Kila kilima ninakijua. Birgit ananiuliza miti ile inaitwaje, namwambia sina hakika, mimi ni mtu wa minazi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, pembeni ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Saidi, niliyechunga naye mbuzi tangu tuna miaka sita. Gari liliposimama akaja amefungua mikono yote miwili.

Nikamuwahi. Nikatoa mkono mmoja na kusema kwa sauti ya kusikika, "Habari za hapa, Mwenyekiti. Mimi naitwa Hamisi, mkalimani, natokea Tanga."

Mikono ya Saidi ikabaki hewani. Akaniangalia, akamwangalia mzungu, akaliangalia gari. Halafu akageuka nyuma walikokaa akina mama, na mimi nikajua anamwangalia nani.

Mama alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameanza kuja, kanga moja begani, uso mzima unacheka. Akasimama hatua chache kutoka kwangu, kwa sababu naye alikuwa amesikia.

Wakuu, hapo ndipo ningeweza kusema. Neno moja la kwetu lingetosha. Nikafikiria vile vyumba viwili vya Mkonze, nikafikiria mke wangu alivyolia.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa Kiswahili safi cha Tanga.

Kiswahili kina huruma yake, kila mwanamke mtu mzima ni mama. Nikajificha humo.

Akanitazama. Kicheko kilikuwa kimeondoka lakini uso haukukunjamana. Akanipa mkono.

"Marahaba, mgeni," akasema. "Karibu."

Akarudi kukaa. Na kijiji kizima, watu zaidi ya mia waliokula kwetu sherehe ya jando langu, wakafuata alivyofanya yeye. Wote wakanikaribisha mgeni. Mzee mmoja hata akaniuliza Tanga mvua zikoje.

Mkutano ukaanza. Kwa kuwa wazee wengi Kiswahili hakiwakai, walimteua mwalimu wa shule, eti ndiye msomi wa pale, awe anatafsiri Kisandawe kwa Kiswahili, na mimi nitoe Kiswahili nipeleke Kiingereza pale Birgit anapokwama. Huyo mwalimu alikuwa mgeni kutoka Kilimanjaro, ana miaka miwili pale. Kisandawe chake kilitosha kununulia kuku.

Birgit akaeleza kisima kitachimbwa hapo hapo karibu na ofisi, kwa sababu barabara ipo na mashine itafika kirahisi.

Akasimama Babu Salimu, mdogo wake babu yangu. Akaongea dakika tano, na muda wote alikuwa ananitazama mimi, siyo mzungu. Alisema maji ya pale yana magadi, hayanyweki. Alisema enzi za mkoloni palichimbwa pakaachwa, na ng'ombe wenyewe wanayakataa. Alisema maji mazuri yako bondeni kwenye mkuyu mkubwa. Akamalizia kwa kusema, kwa lugha yetu, "Mjukuu wangu anayenisikia awaambie."

Mwalimu akajikuna kichwa.

"Mzee anashukuru sana mradi," akatafsiri.

Saidi na wengine wanaojua lugha zote mbili wakanitazama, wananiachia mimi. Birgit akanigeukia. Nikafungua mdomo.

"The elder is very grateful," nikasema.

Wala sikupata kigugumizi. Kiingereza kilitoka kizuri.

Babu Salimu Kiingereza hajui, lakini alijua kwamba dakika zake tano zimekuwa sekunde mbili. Akakaa chini. Birgit akaanza kukunja ramani, na kile kisima kimoja cha kijiji chetu kilikuwa kinaenda kuchimbwa kwenye magadi, mimi nimesimama pembeni na tai shingoni.

Mama akasimama.

Ukiacha salamu, sikuwahi kumsikia mama akiongea Kiswahili mbele ya watu. Tangu nilipokuwa namsahihisha utotoni aliacha kabisa. Mikono aliishika mbele kama mtoto wa shule.

"Mimi nasema Kiswahili," akasema. "Kidogo. Hapa kisima hapana. Hapa maji iko, lakini maji yake chungu. Ng'ombe nakataa kunywa. Maji mzuri iko kule kwa mkuyu..."

Na mimi, sijui ni shetani gani, mdomo ulijiendea wenyewe kama ulivyozoea.

"Maji ni machungu, mama," nikasema kistaarabu. "Siyo chungu."

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi sana kama wangecheka.

"Asante, mwalimu," mama akasema. "Machungu." Akaendelea. "Kule kwa mkuyu sisi nachota mpaka kiangazi naisha. Mimi nachota toka msichana. Mimi najua."

Birgit hakunigeukia. Hakuhitaji. Alikunjua ramani akaitandika chini vumbini, akapiga magoti.

"Mama, tafadhali, onyesha mimi," akasema.

Miezi sita ya daftari la rangi, na sentensi yake ilikuwa inachechemea vilevile. Mama akaielewa. Wakainuka wawili wakaelekea bondeni, wanaongea, kila mmoja anavunja sarufi kwa upande wake, na wanaelewana neno kwa neno. Mimi mtaalamu nilifuata nyuma nimebeba kamusi.

Sehemu ya kisima ikahamishwa siku ileile.

Wakati wa kuondoka akina mama walituletea maji ya kunywa kwenye vibuyu. Mama akanipa mimi. "Karibu maji, mgeni." Nikanywa, nikamrudishia.

Sasa hapa mniwie radhi, niwaeleze jambo la nyumbani kwetu. Kila nilipokuwa nasafiri, kwenda shule, kwenda Tanga, mama alikuwa ananimwagia maji kidogo miguuni mlangoni. Ndiyo dua yake. Hakuniacha niondoke na miguu mikavu hata mara moja.

Nilikuwa na mguu mmoja tayari ndani ya gari. Mama akasogea na kibuyu, akajikwaa, mtu ambaye kibuyu hakijawahi kumponyoka maisha yake yote. Maji yaliyobaki yakamwagikia viatu vyangu vyote viwili.

"Samahani, mgeni," akasema. "Imemwagika."

Birgit akacheka, dereva akacheka, eti mtu wa Pwani kafuatwa na bahari. Nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini. Mpaka Kondoa soksi zilikuwa zimelowa na sikuzivua.

Mkataba ukaongezwa. Kisima cha kwenye mkuyu kilitoa maji matamu na bado yanatoka. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mkalimani alifanya kazi vizuri sana katika mazingira magumu. Nilipewa nakala.

Ilinichukua miezi mitatu kupata uso wa kwenda nyumbani peke yangu. Nikabeba sukari na doti mbili za kanga, na hotuba ya kuomba radhi niliyoipanga njia nzima kwa lugha yetu.

Nikabisha, nikaanza kuongea Kisandawe mlangoni.

"Karibu, mwanangu," mama akajibu, kwa Kiswahili. "Habari ya kazi."

Nikasema, ana hasira, na ana haki. Nikaendelea kwa kilugha, akaendelea kwa Kiswahili. Siku ya pili nikashindwa, nikamuuliza ni adhabu gani hii ananipa.

Akashangaa kweli.

"Siyo adhabu," akasema. "Mimi najifunza. Kazi yako nataka mtu ya Tanga. Mimi nikisema ya kwetu kila siku, siku moja mzungu anakuja, nasahau, nakuita jina ya nyumbani. Kazi inapotea. Watoto nakula nini?"

Kisha akanionyesha daftari. Alikuwa amejiandikisha elimu ya watu wazima kwa yule yule mwalimu wa Kilimanjaro. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini. Mtu, kiti, jiwe, ukuta, vyote ameviandika kwa penseli, amevifuta, ameviandika tena.

Nikamwambia hakuna haja. Nikamwambia nitamwambia bosi ukweli, na kweli nilimwambia nilivyorudi. Birgit akaniuliza kama mama anaendelea vizuri, na hakunifukuza. Yaani mkataba wenyewe haukuwa hatarini hata siku moja. Nilimkana mama bure.

Nikampelekea mama hiyo habari. Akasema vizuri, amefurahi, na akaendelea na Kiswahili. Mradi ukaisha, wazungu wakaondoka, nikaajiriwa kwingine, mama anaendelea tu. Alisema kazi za watu hazina uhakika, na yeye ulimi ameshauzoesha. Na majirani aliongea nao cha kwetu. Na mimi, hapana. Miaka kumi na moja.

Alipougua nilimleta hospitali hapa Dodoma. Mchana mmoja, tukiwa wawili tu, nilimwinamia nikamwongelesha Kisandawe sikioni, maneno ya utotoni, yale ambayo mtu mzima anaona aibu kuyasema. Nilimwomba anijibu japo neno moja.

Akafungua macho.

"Mwanangu," akasema, "miguu yangu imepoa. Nifunike vizuri."

Ngeli zote zimekaa mahali pake. Sikuwa na cha kusahihisha. Nikamfunika, na keshokutwa yake akafariki.

Somo nililopata halina hata heshima ya kuitwa somo. Unaweza kuijua lugha mpaka ukaikosa kabisa kazi yake. Wanangu wawili hawana neno hata moja la Kisandawe, ila Kiswahili chao ni sanifu mno. Hongera kwangu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mtukanaji atukane, mwenye swali aulize, na kijana wa uzi wa jana kama unapita humu naomba kwa heshima unisahihishe popote nilipokosea. Ila wewe ambaye mama yako bado yupo na ana lugha yake, usianze na comment. Mpigie kwanza, umsalimie hivyo hivyo anavyojua yeye, ukikosea akucheke.